Mgane Mwenye Mke

Mtaani kwetu alikuwepo fundi mmoja wa vitasa na makufuli aliyeitwa Mzee Kitasa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifanya kazi chuo kikuu tangu ujana, katika idara ya matengenezo, na hapakuwa na mlango pale ambao hakuwahi kuupigia magoti. Maprofesa waliosahau funguo ndani, wanafunzi waliovunja ufunguo kwenye tundu, mkuu wa kitivo aliyekwama chooni siku ya wageni: wote aliwaokoa yeye, na kila aliyeokolewa alilipa kwa kusikiliza kisa cha yule aliyeokolewa kabla yake.

Maana Mzee Kitasa alikuwa msemaji. Ukimsalimu asubuhi, mnaagana adhuhuri. Alipostaafu kazi, mdomo haukustaafu, ila nyumbani hapakuwa na sikio la kuupokea. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ya umeme ilikaa sebuleni kama mgeni asiyeaga, ikinguruma kutwa nzima, na kila mzee alipoanza na "Unajua, mke wangu," mguu wa mama ulikuwa umeshakanyaga pedali. Si kwamba alimdharau mumewe. Visa vyote alikuwa anavijua, na baya zaidi, aliijua miisho yake. "Halafu mkuu wa kitivo akatokea dirishani," angesema bila kuinua kichwa, na kisa kikafia hapo hapo kabla hakijapata mguu wa kusimamia.

Basi ikatokea mzee akaanguka kwenye ngazi akibadilisha balbu, akaumia goti. Hospitali akakutana na muuguzi kijana aliyekuwa akisomea shahada ya juu, na muuguzi akamwomba akubali kuhojiwa kwa ajili ya utafiti wake. Mzee alitegemea kuulizwa panauma wapi na amekunywa dawa gani. Badala yake yule binti aliwasha kinasa sauti, akatulia, akamuuliza: "Asubuhi ukiamka, baba, kabla hujakanyaga chini, goti lako linakujiaje?"

Mzee Kitasa aligeuka kutazama nyuma yake, kama kuna mwingine anayeulizwa. Hakuwapo. Basi akajibu. Alisema goti lilikuwa kama mpangaji mkorofi, huamka kabla ya mwenye nyumba na kuanza kugonga kuta. Alisema siku hizi ngazi za benki anaziona tangu akiwa mbali, wakati zamani hata hakujua kama benki ina ngazi. Alisema mengi. Binti hakumkatisha, hakutazama simu, hakumalizia sentensi hata moja. Kila mzee alipodhani amefika mwisho, aliambiwa kwa upole, "Endelea, baba, hapo ulijisikiaje?" Alirudi nyumbani anachechemea kwa furaha.

Aliyewafundisha wanafunzi kuuliza hivyo alikuwa mwalimu wa falsafa, mtu mwembamba mwenye koti kubwa, ambaye chuo kizima kilimwita Bwana Mabano. Somo lake liliitwa fenomenolojia, yaani elimu ya jinsi mambo yanavyomjia mtu. Kwa miaka mingi alilifundisha kwa viti vitupu, hadi siku moja alipokata shauri kwamba kama wanafunzi hawaji kwenye falsafa, falsafa itawafuata waliko. Akaanza kubisha hodi vitivo vyote. Kwa wauguzi alisema: msimweleze mgonjwa maumivu ni nini, mwacheni awaeleze yanavyomjia. Kwa wasanifu majengo alisema: nyumba si kuta, nyumba ni jinsi mtu anavyohisi akifunga mlango nyuma yake. Kwa wote alisema neno lile lililompa jina: yale mnayodhani mnayajua, yawekeni kwanza kwenye mabano. Hamyakatai, hamyakubali, mnayaweka kando ili mlione jambo lenyewe. Wengi walimwelewa nusu, lakini hata hiyo nusu ilitosha kuzaa tafiti chungu nzima, na tafiti zilihitaji watu wa kuhojiwa.

Watu wa kuhojiwa si rahisi kupatikana. Wengi ukiwauliza wanajisikiaje watakuambia "kawaida tu", na ukurasa unabaki mweupe. Habari za mzee wa goti zikaenea haraka. Muuguzi alimpa rafiki yake wa usanifu majengo namba ya mzee, naye akamhoji kuhusu milango. Huyo akampitisha kwa kijana wa elimu ya biashara aliyetaka kujua kustaafu kuna ladha gani. Akaja hata mmoja wa misitu, akamsimamisha chini ya mti nje ya maktaba na kumtaka aeleze kivuli kinavyomgusa. Mzee hakuwahi kuwa na neno lolote na kivuli, lakini siku hiyo alizungumza mpaka jua likahama na kivuli chenyewe kikamwacha.

Nyumbani aliaga kwamba anakwenda "kwenye utafiti". Alipiga pasi shati, akabeba kalamu ambayo hakuna aliyemwomba. Mkewe alimtazama kwa pembe ya jicho na kusema kwamba wakimaliza kumtafiti wamrudishe na nyanya. Wala hakuuliza zaidi, maana alikuwa akifurahia ule utulivu wa nyumba.

Mpaka hapo mzee hakuwa amedanganya, au tuseme alikuwa ametia chumvi ya kuungia tu. Balaa ilianzia kwa binti wa ustawi wa jamii.

Binti huyu aliandika kuhusu wagane, yaani wanaume waliofiwa na wake zao. Alibakiza mgane mmoja, na huyo mmoja, siku waliyoahidiana, alipiga simu akasema ameghairi. Mzee Kitasa alimkuta kwenye benchi nje ya idara, kichwa mikononi, akilia kimyakimya kama mtu asiyetaka kusumbua. Mzee alikuwa anapita tu, ametoka kwa watu wa michezo kueleza anavyohisi akitazama wenzake wakikimbia. Alimuuliza kulikoni. Binti akamweleza yote, na mwisho, kwa sauti ya mtu anayeng'ang'ania jani majini, akamuuliza kama yeye, kwa bahati mbaya, amefiwa na mke.

Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Au pengine haikuwa shetani, ilikuwa huruma iliyochanganyika na uchu wa kinasa sauti. Mzee aliinamisha kichwa, akapumua, akasema, "Mungu ndiye ajuaye, mwanangu." Maneno hayo hayakuwa uongo hata kidogo. Binti akampa pole na kumfungulia mlango.

Akiwa kwenye kiti, mzee alitafuta cha kusema na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukipata. Kufa kwa mke wake hakukuwahi kumpitia akilini, mama mwenyewe alikuwa na afya ya mwamba. Ndipo akakumbuka safari ya mama kwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua. Alikaa huko majuma kadhaa, na mzee akabaki peke yake na vyakula vilivyopangwa kwenye jokofu. Akafumba macho, akaanza kueleza siku zile. Alieleza cherehani iliyofunikwa kitambaa cha maua ya njano, na jinsi nyumba isiyonguruma inavyosikika: saa ya ukutani, bomba linalodondosha, viatu vyako mwenyewe. Alieleza alivyoweka vikombe viwili mezani kwa mazoea, akaona haya kukirudisha kimoja, akanywa chai kwenye vyote. Alieleza kisa kilichompata sokoni, alivyokibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba maji mikononi, na alipofungua mlango hakuna wa kummwagia. Binti alilia tena, safari hii akiandika. Mzee naye alijikuta anafuta macho, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza.

Alifika nyumbani akamkuta marehemu anakata kitambaa. Alimtazama kwa muda mrefu hivi kwamba mama alimuuliza kama ana homa.

Yangeishia hapo, lakini Bwana Mabano aliandaa mkutano. Alitaka vitivo vyote vilivyotumia somo lake vikutane ukumbi mmoja na kusomeana walichokipata, na akaagiza kila mtafiti awaalike waliohojiwa, kama shukrani. Muuguzi alipiga simu nyumbani kwa Mzee Kitasa. Aliyepokea ni mama. Muuguzi, kwa adabu zake zote, akamkaribisha naye.

Mzee alipopewa habari alisema mkutano wenyewe ni wa kuchosha. Mama alisema atapumzikia huko. Mzee alisema viti ni vigumu. Mama alisema atabeba mto. Mzee alisema labda mvua itanyesha, na mama akauliza kama mvua siku hizi inanyesha ndani ya kumbi. Mwisho mzee alijifariji kwamba muuguzi ni wa goti, na goti halina siri. Hakujua kwamba binti wa ustawi wa jamii naye yumo kwenye ratiba.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na chai na biskuti, na mapazia ambayo mama aliyatazama mara moja akasema aliyeyashona alikuwa na haraka. Muuguzi alisoma kuhusu goti, watu wakapiga makofi, mama akampiga mumewe kiwiko kwa fahari. Msanifu majengo akasoma kuhusu milango. Kisha akapanda binti wa ustawi wa jamii. Mzee Kitasa akajaribu kuinuka, akasema anakwenda msalani. Mama akamshika mkono, akamwambia ajizuie, ni aibu kumwondokea mtoto wa watu anayeanza kusoma.

Binti hakutaja majina. Alisema atasoma maneno ya mshiriki mmoja tu, fundi mstaafu, kwa sababu katika wote hakuna aliyeeleza upweke wa mgane kama yeye. Akasoma kuhusu nyumba isiyonguruma na cherehani iliyofunikwa.

Mama alisikiliza kwa makini. "Huyo marehemu," alinong'ona, "alikuwa mshonaji kama mimi. Maskini."

Binti akasoma kuhusu kitambaa cha maua ya njano.

"Hata kitambaa tumefanana," alisema mama, pole pole zaidi.

Binti akasoma kuhusu mume anayetoka sokoni amebeba kisa, kisa chenyewe cha muuza mayai aliyekalia mayai yake.  Mama aligeuza shingo taratibu, kama mlango ambao haujatiwa mafuta, akamtazama mumewe. Mzee alikuwa anasoma ratiba, ameishika juu chini.

Muda wa maswali ulipofika, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mama. Walimletea kipaza sauti. Alikipuliza kwanza, akaziweka sawa nguo zake, akasema bila haraka:

"Mimi sina swali, wanangu. Mimi ndiye marehemu."

Watu walitazamana.  Halafu mmoja nyuma akacheka, wa pili akafuata, na ukumbi wote ukapasuka. Binti pale mbele alishika meza kama sakafu imesogea. Mzee mmoja wa idara ya takwimu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja mikono, alisimama na kusema hii ndiyo sababu yeye huamini namba, kwa kuwa namba haiwezi kumuua mke wa mtu. Lakini Bwana Mabano alikuwa ameshapanda jukwaani, koti linapepea, uso umewaka kama mtoto aliyeletewa mpira.

"Ndugu zangu," alisema, "swali la kama mama huyu yuko hai au hayuko, naomba kwanza tuliweke kwenye mabano."

"Wewe mwalimu," mama alimjibu, "weka humo unachotaka. Mimi nitoe."

Ilibidi Mzee Kitasa asimame. Alieleza, kwa maneno machache kupita yote aliyowahi kusema, habari ya binti kwenye benchi na ya safari ya mkewe. Akamwomba binti radhi mbele ya watu. Kisha akaongeza, kwa kujitetea: "Nilivyojisikia sikudanganya. Nilidanganya sababu tu."

Bwana Mabano alipiga paja. Alianza kusema kwamba hapo ndipo penyewe, kwamba kumkosa mtu kuna sura yake kabla hata hatujauliza amekwenda wapi. Huenda angesema hadi jioni, ila mwalimu aliyemsimamia binti, mama mmoja mkavu wa maneno, alimkatiza. Alisema mwanafunzi wake anaandika kuhusu wagane, si kuhusu waume walioachiwa chakula kwenye jokofu, na anayedhani ni jambo moja akamuulize mgane. Hakuna aliyecheka. Hata Bwana Mabano alikaa.

 Njiani, walipokaribia nyumbani, mama aliuliza, akitazama mbele, "Mimi hayo ya vikombe umewahi kuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, na wewe hunisikilizi?"

Mama alifungua mkoba, akatafuta kitu ambacho hakukipata, akaufunga. Mzee akadhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Jioni hiyo aliuliza kuhusu chakula. Mama alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mikono kifuani, macho kwenye dari. Alijibu kwamba marehemu hapiki. Asubuhi mzee akakosa shati safi, akaambiwa maiti haifui. Mgeni alipobisha hodi, mama alimwagiza mumewe akafungue, kwani yeye si wa dunia hii. Alishona mapazia yake kama kawaida, na mzee alipothubutu kuuliza mbona kushona anashona, aliambiwa kila mtu huko alikokwenda anaendelea na alichokipenda. Siku zikapita hivyo. Mtaani habari zilitangulia, maana chuo na mtaa vimetengwa na ukuta tu, na ukuta una masikio. Wanawake wenzake wakaanza kumwita Marehemu. Alifurahia. Ukimpigia simu alisema, "Marehemu anaongea, nani mwenzangu?"

Mwisho wa mgomo ulikuja na sharti. Mama alisema yule binti ameharibiwa kazi, na aliyeivunja ndiye wa kuiunga. Kama ni mgane anatakiwa, mzee amtafute mgane wa kweli.

Mzee alimjua mmoja. Alikuwa fundi bomba waliyefanya naye kazi idara moja, mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mkewe miaka kadhaa nyuma. Walikuwa wakionana barabarani na kusalimiana, na mzee alikuwa akimsimulia visa vyake. Sasa ilimjia kwamba hajawahi kumuuliza kitu. Alikwenda kwake na kumweleza shida, akitegemea kukataliwa. Fundi bomba alifikiri, akanawa mikono, akasema sawa.

Mahojiano yalifanyika kwenye ofisi ndogo, na mzee akakaa nje kwenye benchi lile lile la balaa. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, kitasa kimelegea, akawa anasikia. Binti aliuliza nyumba inamjiaje akirudi jioni. Kimya. Mzee alisubiri kwa hamu kama mtu anayesubiri mpira urushwe. Kimya kikaendelea, hata akadhani wametoka kwa dirisha. Halafu akasikia sauti ya mwenzake ikisema, "Nimezoea." Kikafuata kimya kingine, na baadaye: "Taa ya nje naiacha inawaka. Sijui kwa nini." Ndivyo ilivyokwenda, maneno mawili matatu na kimya katikati kama shimo. Mzee Kitasa, aliyekuwa ameeleza upweke wa mgane mpaka watu wakafuta machozi, alijikuta anatazama mikono yake. Hakuna kisa alichoweza kukifikiria cha kujazia pale.

Fundi bomba alipotoka, mzee alitembea naye hadi kwake. Inasemekana hakufungua mdomo njia nzima, jambo ambalo wengine mtaani hadi leo hawaliamini. Kesho yake alirudi, wakanywa chai. Ikawa desturi.

Binti alimaliza kazi yake, akafaulu, na katika kurasa zile vile vimya aliviacha kama vilivyokuwa. Mzee wa takwimu, nasikia, alisema angalau vimya unaweza kuvihesabu.

Ila jambo ambalo Mzee Kitasa hakulitegemea ni kwamba siku ile ukumbini kuna aliyemtazama mama na kumpenda. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, mwenye kutafiti mtu na mashine yake wanavyozoeana. Akaja nyumbani, akamwomba mama ahojiwe. Mama akasema atafikiria, akafikiria hapo hapo, akakubali. Tangu hapo Alhamisi ni yake. Anapiga pasi gauni, anajipaka manukato, anaaga kwamba anakwenda kwenye utafiti, na mzee anabaki na sufuria.

Kinachomchoma ni kwamba mama harudi na neno. Kila akimuuliza wameongea nini, anajibiwa kwamba mahojiano ni siri baina ya mtafiti na mshiriki, na yeye mwenyewe kama mtu wa elimu anapaswa kulijua hilo. Alijaribu kumpeleleza mwanafunzi wa uhandisi kwa kumsubiri getini na biskuti. Kijana alikula biskuti, akatunza siri.

Alhamisi iliyopita mama alichelewa. Aliingia anatabasamu peke yake, akavua viatu, akakaa. Mzee alikuwa jikoni anakoroga, akajitahidi asiulize, akashindwa.

"Leo," mama alisema, "aliniuliza ninavyojisikia mume wangu akinisikiliza."

Mzee aliacha mwiko. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia arudi mwakani. Bado tunakusanya data."

Mzee alitoka jikoni, akiacha sufuria motoni. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamwambia aendelee. Chakula kiliungua, na walikula mkate.